Pointi 60 ni Shilingi Ngapi? Jumamosi Yetu Kwenye Kituo cha Michezo

Likizo ya Agosti ina mambo yake. Nairobi kuna baridi, mawingu hayaondoki, na watoto wako nyumbani kutwa kucha. Kwetu wimbo ulikuwa mmoja kwa wiki mbili nzima: "Tunaenda lini kucheza geimu?" Mwenzao wa darasani alikuwa amepelekwa kwenye kituo cha michezo ya ndani, orofa ya juu ya jumba moja la maduka, akarudi na hadithi za magari ya kugongana, bwawa la mipira, na mashine zinazotema tiketi ndefu kama mkanda.

Sisi wawili tunaokuandikia ni mume na mke. Mmoja anafanya kazi kwenye dawati hili la elimu kwa wateja, mwingine ni mwalimu. Tuna watoto watatu: msichana wa miaka 12, kijana wa miaka 9 na kitinda mimba wa miaka 4. Tunaishi pia na Shosho wao. Kuwaambia watu watunze pesa za kwenye simu ni kazi inayotulisha, kwa hivyo tulidhani sisi wenyewe tunajua. Siku hiyo tulijifunza kwamba kujua ni kitu kimoja, na kuwa mbele ya kaunta na watoto watatu wanaruka ni kitu kingine.

Bajeti tuliipanga vizuri tukiwa mezani: KSh 4,000. Nauli 1,000, chakula 1,000, michezo 2,000. Kwenye simu ya Baba watoto kulikuwa na KSh 9,200. Zile 5,200 nyingine zilikuwa na kazi yake: 3,000 dawa za presha za Shosho za mwezi mzima, na 2,200 viatu vya shule vya kifungua mimba kabla ya muhula wa tatu. Kila mtu mzima nyumbani alijua hilo. Lakini hatukuzitenga mahali pengine. Zote zilikaa kwenye salio moja.

Kosa letu la kwanza tulilifanya hapo, kabla hata ya kufunga mlango wa nyumba.

Mlangoni

Tulipanda matatu, watu watano kwa mia mia, kitinda mimba akipakatwa na Shosho. Tukalipa 500 kwa Till ya gari. Tulipofika, askari wa mlangoni alichungulia kikapu cha Shosho akaona thamosi ya chai na mandazi.

"Mama, samahani, chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Hiki si cha nje," Shosho akamjibu. "Nimekipika ndani ya nyumba."

Askari alicheka, lakini kikapu kilibaki kwake.

Kwenye kaunta tukaelezwa mambo yalivyo. Mashine hazichukui sarafu wala noti. Unanunua kadi ya michezo kwa KSh 100, unaijaza pointi, halafu mtoto anagusisha kadi kwenye mashine na pointi zinakatwa. Ukijaza 1,000 unapewa pointi 1,200. Ukijaza chini ya hapo, kila shilingi ni pointi moja. Mtoto mdogo anaingia kwenye bwawa la mipira kwa saa, KSh 500, na lazima avae soksi maalum zenye mpira chini ili asiteleze: KSh 150. Jumla ya kuanzia ikawa 1,750.

Baba watoto akaingiza nambari ya Till na kiasi. Kabla ya kuweka PIN, jina lililotokea kwenye simu halikufanana hata kidogo na lile lililoandikwa kwa taa za rangi pale mlangoni. Akasimama. Akamwambia mhudumu, "Hili jina silo la hapa." Mhudumu hakukasirika. Alituonyesha risiti na leseni iliyotundikwa ukutani: hilo ndilo jina lililosajiliwa la kampuni inayoendesha kituo, na lilikuwa sawa na la kwenye simu. Ndipo PIN ikawekwa.

Hapo tulifanya vizuri. Na ustadi wetu ukaishia hapo.

Ndani

Ukiingia, masikio yanajaa. Kila mashine ina wimbo wake na taa zake. Kijana wetu alikimbilia mpira wa kikapu, kifungua mimba akaenda kwenye ile ya kucheza densi kwa kukanyaga mishale, na kitinda mimba akazama kwenye mipira mpaka kikabaki kichwa tu. Kusema kweli, ilikuwa raha. Baba watoto na kijana waligongana kwa magari mpaka wote wawili wakakosa pumzi kwa kicheko. Hatujuti kwenda.

Kisha kijana akaiona mashine ya makucha, ile ya kunasa midoli. Ndani kulikuwa na sungura wa manyoya, mweupe, amelala ubavu kama anayemngoja yeye. Makucha yanashuka, yanamshika sungura, yanampandisha, halafu karibu na shimo yanamwachia. Akajaribu tena na tena. Mara ya tisa, Shosho alikuwa amefika nyuma yake.

"Kila ukigusa hiyo kadi, inakatwa nini?"

"Pointi 60, Shosho."

"Mimi pointi sizijui. Ni shilingi ngapi?"

Watu wazima wawili tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu. Ilibidi tutoe simu tupige hesabu: shilingi 1,000 zilitupa pointi 1,200, kwa hivyo pointi 60 ni shilingi 50.

"Hamsini, mara tisa," Shosho akasema. "Mia nne na hamsini. Kwa hiyo pesa ningemshonea sungura watatu."

Tulicheka. Halafu, kwa sababu pointi 1,200 zilikuwa zimeisha kwa dakika 40 na kijana alikuwa na uso wa kutia huruma, tukaongeza 500.

Baadaye Mama watoto alikuwa kwenye foleni ya chakula na Baba watoto akimfunga kitinda mimba soksi iliyovuka. Kifungua mimba akaja: kadi imeisha tena. Baba watoto akampa simu, akamwambia nambari ya siri sikioni, na kumwambia, "Weka mia tano tu." Msichana akaenda kaunta akaona tangazo: jaza 1,000, pata 200 bure. Akapiga hesabu kichwani kama tulivyomfundisha wenyewe tukienda sokoni, akaona ofa nzuri isipotee. Akalipa 1,000.

Chakula kilikuwa 1,350 badala ya 1,000. Chips za watu sita hazina huruma, na mandazi yetu yalikuwa kwa askari.

Halafu zikaja tiketi. Kijana alikuwa amekusanya 560. Kwenye kabati la zawadi kulikuwa na tochi ndogo ya tiketi 600. "Zimebaki 40 tu, Baba." Ukisikia "zimebaki 40 tu", unaona ni ubahili kukataa. Tukajaza 500 nyingine kutafuta tiketi 40. Tochi ilipatikana. Nje ya jumba, kwenye meza ya mchuuzi, tuliiona mwenzake kwa shilingi 150.

Wakati wa kutoka, mhudumu wa bwawa la mipira akatuonyesha saa. Tulikuwa tumepitisha nusu saa. KSh 250.

Meseji ya nane

Jioni kwenye matatu ya kurudi, kitinda mimba amelala kifuani kwa Shosho, Baba watoto akalipa nauli ya 500. Meseji ikaingia. Akaisoma, akanyamaza, akampa Mama watoto simu bila kusema neno.

Salio lilikuwa KSh 2,850.

Tulikuwa tumetumia 6,350. Siku ya 4,000 ilikuwa imepita mpaka wake kwa 2,350, na salio halikutosha hata dawa za Shosho, sembuse viatu. Hakuna aliyetuibia. Hakuna muamala uliokosea. Kila shilingi ilitoka kwa PIN yetu wenyewe.

Usiku ule tuliwaketisha watoto mezani, Shosho naye akavuta kiti. Tukazisoma meseji nane moja baada ya nyingine kwa sauti: 500 nauli, 1,750 kuanza, 500, 1,000, chakula 1,350, 500, 250, na nauli 500. Tulipofika kwenye ile 1,000, kifungua mimba akaanza kulia. "Ni mimi nilimaliza pesa ya dawa ya Shosho?"

La. Na tulimwonyesha kwa hesabu, si kwa kumbembeleza. Katika zile 2,350 zilizozidi, yeye alizidisha 500 kuliko alivyoambiwa. Zile 1,850 nyingine ni sisi wazazi. Zaidi ya hapo, aliyempa mtoto nambari ya siri ni mtu mzima, na mtu mzima huyo anafanya kazi ya kuwaambia wateja kila siku wasimpe mtu yeyote nambari ya siri. Baba watoto alisema hivyo mbele ya wote na akaomba radhi.

Shosho hakulaumu mtu. Alisema tu, "Zilizobaki kwenye kopo ni za siku nne." Jumatatu tulinunua dawa za wiki mbili badala ya mwezi. Viatu vilingoja mshahara. Kifungua mimba alianza muhula na viatu vinavyombana vidole, na kila asubuhi tulipomwona akivivaa tulikumbuka tochi ya tiketi 600.

Pesa ilibadilika sura mara ngapi?

Tumelifikiria sana jambo hili, kwa sababu tunaamini halikutupata sisi peke yetu.

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, Wakenya tumezoea pesa isiyoshikika mkononi. Noti ya elfu ikitoka mfukoni unaiona ikienda. Salio likipungua unaona tarakimu tu. Tumezoea, na kwa kiasi kikubwa tunaimudu, kwa sababu salio bado linaandikwa kwa shilingi.

Kwenye kituo cha michezo pesa inabadilika tena. Shilingi inakuwa pointi. Pointi inakuwa tiketi. Tiketi inakuwa tochi. Kila hatua ina kiwango chake, na hakuna kinacholingana na kingine. Ukifika hatua ya tatu, swali la Shosho, "ni shilingi ngapi?", halina jibu la haraka. Mtu asiyejua bei hawezi kusema ghali.

Wenye vituo hawajafanya dhambi. Kadi inawaondolea sarafu zinazokwama na watoto wanaopoteza chenji. Hata ile mashine ya makucha ni biashara: nyingi za aina hiyo zimetengenezwa ili mwenyewe aweze kupanga nguvu ya makucha, kwa hivyo si kila mara yanashika kwa nguvu zote. Sungura anapoachiwa karibu na shimo, si lazima iwe ni mkono mbaya wa mtoto wako. Ukilijua hilo unaweza kucheza kwa raha, ukilipia mchezo wenyewe badala ya kumlipia sungura.

Tunachofanya sasa

*Tenga pesa kabla ya kutoka nyumbani.* Usiende na salio lote. Hamishia pesa za karo, dawa na kodi kwenye akiba, au peleka bajeti ya matembezi kwenye laini nyingine na uende na hiyo tu. Kama una huduma ya kukopeshwa salio likipungua, kumbuka kwamba inaweza kukupitisha mpaka wako bila wewe kuhisi, na mkopo huo una ada.

*Lipa kilicho na tarehe kwanza.* Kama tungenunua dawa Ijumaa, Jumamosi tusingekuwa na kitu cha kula humo. Pesa yenye kazi ipewe kazi yake mapema.

*Geuza pointi kuwa shilingi ukiwa bado kaunta.* Uliza mchezo mmoja ni pointi ngapi, fanya hesabu, na umwambie mtoto kwa shilingi. Mtoto wa miaka 9 anajua 50 ni nini. Ni bei ya kitu anachokijua dukani.

*Uliza maswali matatu kabla ya kujaza kadi.* Pointi zinakaa kwa muda gani? Zikibaki, zinarudishwa pesa? Muda wa mtoto ukipita, nalipa ngapi? Ofa ya "jaza zaidi upate zaidi" ni nzuri kama ungetumia kiasi hicho hata bila ofa.

*Soma jina kabla ya PIN.* Jina la Till linaweza kuwa la kampuni, tofauti na la kwenye bango. Lisipofanana, usiweke PIN mpaka uonyeshwe risiti au leseni yenye jina hilo. Ukikosea Till, zungumza na huduma kwa wateja mara moja. Ukiwa umemtumia mtu kimakosa kwa M-Pesa, sambaza meseji ya muamala huo kwa 456 bila kuchelewa, kabla pesa haijatolewa.

*Mtoto aingize kiasi, mzazi aweke PIN.* Mruhusu ashike simu, aandike nambari ya Till, asome jina kwa sauti, aandike kiasi. Huko ndiko kujifunza. Nambari ya siri ibaki kwako. Sisi tuliibadilisha yetu usiku uleule, na hatukumficha binti yetu sababu.

*Chunga fomu unazojaza.* Vituo vingi huuliza jina la mtoto, umri na nambari ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, kwa hivyo una haki ya kuuliza ni ya kazi gani. Na mtu akikupigia baadaye kudai mlilipa mara mbili na anataka PIN akurudishie, kata simu. Kurudishiwa pesa hakuhitaji PIN yako kamwe.

*Someni meseji pamoja mkirudi.* Si kwa kugombana. Ni kama kukunja mkeka baada ya wageni: kazi ya mwisho ya siku.

Desemba

Tulirudi. Bajeti ilikuwa ileile, KSh 4,000, lakini safari hii ilikaa kwenye laini ya Mama watoto ambayo haikuwa na kitu kingine. Kifungua mimba alikuwa mweka hazina, na daftari mkononi. Kabla ya kuingia tuliketi kwenye benchi la nje, tukanywa chai ya Shosho na mandazi, askari yuleyule akapewa mawili.

Kaunta tulitoa kadi ya Agosti. Ilikuwa na pointi 310. Mhudumu aliigusisha akatikisa kichwa: zilikuwa na siku 90 tu, zimeshakwisha. Binti yetu akaandika kwenye daftari, "310, zimepotea," akapiga mstari chini yake.

Kijana alienda moja kwa moja kwenye mashine ya makucha. Sungura mwingine, wa kahawia, alikuwa amelala pale. "Hii ni hamsini mara moja," akasema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote. Alijaribu mara mbili, akakosa zote mbili, akasimama kidogo akimtazama yule sungura. Kisha akaenda kwenye mpira wa kikapu, ambako mchezo mmoja unachukua muda mrefu zaidi.

Saa ya kitinda mimba kutoka, kengele ya simu ililia dakika tano kabla. Alilia pia. Tukambeba.

Kwenye matatu ya kurudi, meseji ya mwisho ilionyesha salio la KSh 140. Nyumbani, dawa za Shosho zilikuwa kwenye kabati tangu tarehe mosi.

Na wewe, ukipeleka watoto kucheza likizo hii, anza na swali la Shosho. Uliza, "Ni shilingi ngapi?" mpaka upate jibu. Kisha ingia ucheze.